Irene Stefani

Irene Stefani (Anfo, Italia, 22 Agosti 1891 – Gikondi, Kenya, 31 Oktoba 1930) alikuwa mtawa wa Kanisa Katoliki katika shirika la Masista Wamisionari wa Consolata. Aliishi Afrika Mashariki kwa karibu miaka 16. Kwanza aliwauguza wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia huko Voi, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam; halafu alikuwa mwalimu na mhudumu wa wagonjwa katika misheni ya Gikondi, katika nchi ya Wakikuyu. Wenyeji walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma.

Alitangazwa mwenye heri tarehe 23 Mei 2015 mjini Nyeri. Kumbukumbu yake huadhimishwa kila mwaka tarehe 31 Oktoba, siku aliyofariki.

Anatajwa mara nyingi kama mfano wa Mkristo aliyeishi bila kushikamana na hazina za dunia. Katika maisha yake kuacha mali hakukuwa tendo la siku moja. Aliacha kwanza nyumba ya wazazi, kisha nchi yake, kisha raha na muda wake, na mwisho uhai wenyewe. Kila alichoacha kilimweka huru kumkaribia mtu fulani aliyekuwa na shida.

Utoto na familia

Alizaliwa katika kijiji cha Anfo, kando ya ziwa Idro, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walikuwa Giovanni Stefani na Annunziata Massari. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto 12. Alibatizwa kwa majina ya Aurelia Giacomina Mercede, na nyumbani aliitwa Mercede.

Wakati huo vijiji vingi vya milimani huko Italia vilikuwa maskini, na watu wengi walihama kwenda Marekani, Argentina na nchi nyingine kutafuta maisha. Mama yake alifariki mwaka 1907, na tangu hapo msichana huyo alibeba sehemu kubwa ya kazi za nyumbani na malezi ya wadogo zake. Alisaidia pia kufundisha katekisimu parokiani, na alikuwa na desturi ya kuwatembelea wagonjwa na wazee.

Kwa hiyo alipofikiria utawa hakuwa mtu asiyejua kazi wala asiyejua uhaba. Alichopaswa kuacha hakikuwa utajiri, kwa maana familia yake haikuwa tajiri. Kilikuwa kitu ambacho kwa watu wengi ni kigumu zaidi kuachwa: baba aliyefiwa na mke, wadogo waliomzoea, na kijiji alichojua kila njia yake.

Wito na nadhiri ya ufukara

Mwaka 1901 padri Giuseppe Allamano wa Torino alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata kwa ajili ya wanaume. Jina hilo latokana na Bikira Maria Mfariji, anayeheshimiwa katika patakatifu pake mjini Torino, ambapo Allamano alikuwa mkuu. Wamisionari wake wa kwanza walifika Kenya mwaka 1902. Baada ya muda mfupi ilionekana kwamba bila wanawake kazi isingefika majumbani, hivyo tarehe 29 Januari 1910 Allamano alianzisha tawi la masista.

Mercede alijiunga nalo mwezi Juni 1911, akiwa na umri wa miaka 19, wakati shirika lilikuwa na mwaka mmoja tu na miezi kadhaa. Mwaka 1912 alipokea vazi la kitawa na kuitwa Irene, jina lenye asili ya Kigiriki ambalo maana yake ni amani. Mwezi Januari 1914 aliweka nadhiri zake za kwanza.

Watawa wa Kanisa Katoliki kwa kawaida huweka nadhiri tatu: useja mtakatifu, ufukara na utii. Nadhiri ya ufukara haimaanishi kwamba mtawa atakaa na njaa au kuvaa matambara. Maana yake ni kwamba hatumii kitu kama mwenyewe. Chakula, nguo, vitabu na vifaa vya kazi ni vya jumuiya, naye huvitumia kwa ruhusa na kwa kadiri ya haja. Akipewa zawadi, ni ya wote. Akihamishwa, huondoka na vichache na kuviacha vilivyobaki kwa atakayemfuata.

Msingi wa nadhiri hiyo ni Injili, hasa simulizi la kijana tajiri aliyeambiwa na Yesu auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate. Kijana yule aliondoka kwa huzuni. Katika historia ya Kanisa wapo waliolisikia neno hilo na kulifuata kama lilivyo. Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, aligawa mashamba aliyorithi akaenda jangwani. Fransisko wa Asizi, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyefariki mwaka 1226, alimrudishia baba yake hata nguo alizovaa. Irene anahesabiwa katika safu hiyo, ila hakwenda jangwani bali kwenye wodi za wagonjwa na vijia vya kwenda majumbani mwa watu.

Kuja Afrika Mashariki

Mwishoni mwa Desemba 1914 aliondoka Italia pamoja na wenzake, akafika Mombasa mapema mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeshaanza. Kenya, iliyoitwa wakati huo Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, ilipakana na Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ambayo bara yake leo ni sehemu kubwa ya Tanzania, pamoja na Rwanda na Burundi.

Kutoka pwani alikwenda Nyeri, chini ya mlima Kenya, ambapo shirika lilikuwa na makao yake. Huko alianza kujifunza Kikikuyu. Kwa mmisionari lugha ni zoezi la kwanza la ufukara: mtu mzima aliyezoea kueleweka hugeuka kuwa kama mtoto, akirekebishwa na kila mmoja na kuchekwa anapokosea. Irene alifikia hatua ya kuzungumza na kuandika Kikikuyu vizuri, na jambo hilo ndilo lililomwezesha baadaye kufanya kazi ya barua iliyomfanya ajulikane.

Kati ya wapagazi (1916–1919)

Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyo na reli wala barabara za kutosha. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa sababu ya mbung'o. Kwa hiyo risasi, mahindi, mahema na hata mizinga vilibebwa na watu. Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa maelfu mengi kutoka Kenya, Uganda, Nyasa na maeneo ya Tanganyika waliyoyateka. Wengi hawakujitolea, walichukuliwa kwa amri kupitia machifu. Kikosi hicho cha wapagazi kimeacha jina lake katika mitaa miwili mashuhuri: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache wakilinganishwa na waliokufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na utapiamlo. Watu wa nyanda za baridi waliozoea vyakula vyao walipelekwa kwenye joto la pwani wakapewa posho ya nafaka isiyopikwa vizuri, na matumbo yao hayakuistahimili.

Tangu mwaka 1916 masista wa Consolata walipelekwa kuhudumu katika hospitali za wapagazi. Irene alianza Voi, karibu na mpaka, akaendelea Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam, hadi vita vilipokwisha na hospitali hizo kufungwa. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi alipoanza. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda, kuosha waliojichafua, kuwalisha wasioweza kushika bakuli, kugawa dawa na kukaa na wanaokufa. Wagonjwa walikuwa wa makabila na dini mbalimbali, na aliwahudumia wote. Waliotaka kubatizwa aliwafundisha kwa ufupi akawabatiza.

Kisa kimoja cha Kilwa Kivinje husimuliwa mara nyingi katika shirika lake. Mgonjwa aliyekuwa akimfuatilia hakuonekana kitandani. Alidhaniwa amekufa na alikuwa amepelekwa ufukoni pamoja na maiti. Irene alikwenda kumtafuta kati ya miili, akamkuta bado anapumua.

Hapa inafaa kutofautisha ufukara wa namna mbili. Irene alikuwa fukara kwa kuchagua. Mpagazi alikuwa fukara kwa kulazimishwa: alinyang'anywa muda wake, nguvu zake, mara nyingi afya yake, na jina lake likawa namba kwenye kibati. Ufukara wa kwanza Kanisa huusifu, ila wa pili ni dhuluma, wala hakuna Injili inayouita heri. Thamani ya uchaguzi wa Irene inaonekana hapo: kwa kuwa hakuwa na cha kulinda, aliweza kukaa karibu na mtu aliyenyang'anywa kila kitu na kumrudishia angalau kitu kimoja, yaani kutambuliwa kama mtu mwenye jina, kwao na ndugu.

Gikondi (1920–1930)

Mwaka 1920 alipangiwa misheni ya Gikondi, kusini mwa Nyeri, katika eneo la Mukurwe-ini. Ni nchi ya matuta marefu yaliyotenganishwa na mabonde yenye vijito, na kutoka tuta moja hadi lingine ni kushuka na kupanda. Alibaki hapo miaka 10, hadi kifo chake. Kwa muda mrefu wa kipindi hicho alikuwa pia mkuu wa jumuiya ndogo ya masista.

Asubuhi alifundisha shuleni: kusoma, kuandika, hesabu na dini. Baadaye alitoka kwa miguu kwenda vijijini. Aliwatembelea wagonjwa, kina mama waliojifungua, wazee wasioweza kufika misheni, na wanafunzi walioacha masomo. Alijua nyumba kwa nyumba nani ana shida gani. Watu walimzoea akitembea kwa haraka kwenye vijia vya matope huku amevaa viatu vikubwa vya buti, kwa kuwa njia zilikuwa ndefu na siku fupi.

Jina la Nyaatha lilitokana na miaka hiyo. Katika Kikikuyu neno "tha" ni huruma, na jina hilo linamtaja mwanamke kama mama wa huruma. Ni muhimu kwamba jina hilo halikutolewa na shirika wala na askofu. Walilitunga watu waliomwona akiingia nyumbani mwao. Mgeni hupewa jina la utani kwa kile anachokifanya kila siku, liwe zuri au baya, na wamisionari wengine walipewa majina yaliyotaja ukali wao, sauti yao au mwendo wao.

Barua

Miaka ya 1920 ilikuwa ya mabadiliko makubwa kwa Wakikuyu. Mwaka 1920 Kenya ilifanywa koloni. Sehemu ya ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na walowezi. Kodi ya kibanda ilidai fedha taslimu, na wanaume walitakiwa kubeba kipande shingoni. Vijana wengi waliondoka kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na kwenye mashamba ya Wazungu. Nyumbani walibaki wazazi wasiojua kusoma, wake na watoto.

Irene alijifanya kiungo kati ya pande hizo mbili. Wazazi walifika misheni wakamweleza yaliyowapata: ng'ombe amekufa, mdogo anaumwa, shamba linagombaniwa, mke amejifungua. Naye aliandika kwa Kikikuyu na kutuma. Jibu lilipofika aliwasomea. Aliwaandikia pia kwa niaba yake mwenyewe wanafunzi wake wa zamani walioko mjini, akiwauliza hali zao na kuwakumbusha wazazi wao na imani yao. Kwa sababu hiyo waandishi wa maisha yake humweleza kama katibu wa maskini.

Kazi hiyo haionekani kubwa, lakini ilimgharimu muda wa usiku baada ya kutembea mchana kutwa. Muda ni mali kama mali nyingine, na mtu mwenye shughuli huulinda kuliko fedha. Mtu aliyeweza kuingia bila miadi na kumkuta mtawa yuko tayari kuchukua kalamu alionja matunda ya nadhiri ya ufukara, hata kama hakujua jina la nadhiri hiyo.

Ufukara wake na mali ya misheni

Ili kuelewa maisha yake kwa haki, ni lazima kuyaweka katika mazingira yake. Shirika la Consolata huko Nyeri halikuwa bila mali. Chini ya uongozi wa askofu Filippo Perlo lilikuwa na shamba la kahawa la Mathari na kiwanda cha kupasulia mbao. Perlo aliona kwamba misheni inayojitegemea haitakwama fedha kutoka Ulaya zikikosekana, na kwamba makanisa, shule na nyumba haviwezi kujengwa bila mbao. Wakati huohuo misheni zote za enzi hiyo, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zilikuwa na ardhi iliyotambuliwa na serikali ya kikoloni, katika nchi ambayo ardhi ilikuwa kilio cha wenyeji. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga kodi, kipande na unyonywaji wa nguvukazi, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi.

Irene hakuwa mwanasiasa wala hakuongoza harakati. Anaweza kuulizwa swali ambalo huulizwa watawa wote: je, ufukara wa mtu mmoja una maana gani akiwa ndani ya taasisi yenye mashamba, chini ya serikali iliyowanyang'anya watu ardhi? Jibu linalotolewa na maisha yake si la nadharia. Hakufanya mali ya misheni iwe ukuta kati yake na watu. Wenyeji waliweza kumtenganisha na mamlaka, na ndiyo maana katika muongo huo wa chuki na mashaka dhidi ya Wazungu walimpa jina la mama. Hata hivyo wema wake haufuti swali lenyewe, na wasomi wa historia ya misheni huendelea kulijadili.

Ugonjwa na kifo

Mwezi Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa mafungo ya kiroho ya kila mwaka. Katika mafungo hayo alipata wazo la kumtolea Mungu uhai wake kwa ajili ya umisionari. Kwa kuwa alikuwa na nadhiri ya utii, hakujiamulia mwenyewe. Aliomba ruhusa kwa mkuu wake, ambaye mwishowe alikubali. Kisha alirudi Gikondi na kazi zake zikaendelea kama kawaida.

Wiki chache baadaye tauni ilizuka katika eneo hilo. Tauni ni ugonjwa wa bakteria waliotambuliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894 huko Hong Kong. Huenezwa na viroboto wa panya, na panya hufuata ghala za nafaka zilizo karibu na nyumba za watu. Ukiingia mapafuni huambukizwa pia kwa kikohozi, kutoka mgonjwa moja kwa moja hadi kwa anayemuuguza. Mwaka 1930 haukuwa na dawa ya kuutibu. Streptomisini iligunduliwa mwaka 1943. Aliyemuuguza mgonjwa wa tauni ya mapafu alijua hatari anayoingia.

Mmoja wa waliougua alikuwa mwalimu wa misheni ambaye kabla ya hapo hakuwa na maelewano mazuri na Irene. Wenzake walimsihi asiende. Alikwenda, akamhudumia na kukaa naye hadi alipokata roho. Muda mfupi baadaye yeye mwenyewe alishikwa na ugonjwa huo. Alifariki Gikondi tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39, na alizikwa Nyeri.

Ni rahisi kusimulia kifo hicho kama ushujaa wa ghafla, lakini hakikuwa cha ghafla. Mtu aliyezoea miaka 16 kutojihesabia muda, usingizi, nguo na sifa, hakuwa na jambo jipya la kujifunza siku alipoitwa kwenye nyumba yenye tauni. Hata kinyongo, ambacho mtu fukara kabisa anaweza kuwa nacho na kukitunza kama hazina, alikuwa amekiacha. Aliyefia mikononi mwake hakuwa rafiki wala mfadhili wake.

Kutangazwa mwenye heri

Kumbukumbu yake iliendelea kutunzwa na watu wa Gikondi na masista wenzake. Katika miaka ya 1980 Kanisa lilianza rasmi kuchunguza maisha yake huko Nyeri. Tarehe 2 Aprili 2011 Papa Benedikto XVI alithibitisha kwamba aliishi maadili ya Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Muujiza uliokubaliwa kwa ajili ya kumtangaza mwenye heri ulitokea mbali na Kenya, kwenye kijiji cha Nipepe, mkoa wa Niassa, nchini Msumbiji. Mwezi Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, makatekista waliokuwa kwenye mafunzo pamoja na familia zao na watu wengine, jumla zaidi ya 200, walikwama kanisani kwa siku kadhaa bila maji. Walimwomba Irene awaombee. Maji kidogo yaliyokuwa katika birika la ubatizo yaliwatosha kunywa kwa siku hizo, na hata kumwosha mtoto wa kike aliyezaliwa humo, aliyepewa jina la Irene. Papa Fransisko aliidhinisha muujiza huo tarehe 12 Juni 2014.

Ibada ya kumtangaza ilifanyika tarehe 23 Mei 2015 katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Iliongozwa kwa niaba ya Papa na kardinali Polycarp Pengo, wakati huo askofu mkuu wa Dar es Salaam, mji ambao Irene aliwauguza wapagazi karibu karne moja kabla. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Siku hiyohiyo huko San Salvador alitangazwa mwenye heri askofu mkuu Oscar Romero, aliyeuawa mwaka 1980. Mwanzilishi wa shirika lake, Giuseppe Allamano, alitangazwa mwenye heri mwaka 1990 na mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024.

Uhusiano na Nyanda za Juu Kusini

Irene hakupangiwa kazi Iringa. Sehemu za Tanzania alizofanyia kazi ni za pwani. Hata hivyo vita vilevile vilivyompeleka Lindi ndivyo vilivyowaleta Wamisionari wa Consolata katika Nyanda za Juu Kusini. Wabenedikto kutoka Ujerumani, waliokuwa wameanzisha misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, waliondolewa na Waingereza kwa sababu ya uraia wao. Mwaka 1919 wamisionari wa Consolata walifika Iringa kutoka Kenya kushika nafasi yao, na mwaka 1922 Iringa ilifanywa prefektura ya kitume. Shule, parokia na zahanati nyingi za Iringa na Njombe zina asili katika kazi hiyo, pamoja na hospitali ya Consolata ya Ikonda, wilayani Makete.

Kwa Mkatoliki wa Iringa, Irene ni ndugu wa karibu katika familia hiyo moja ya kimisionari. Hata kazi yake ya barua haiko mbali na maisha ya hapa. Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya inapita, na kila siku vijana hupanda mabasi kwenda kutafuta fedha huku wazazi wakibaki nyuma. Simu imechukua nafasi ya barua. Swali alilowaandikia vijana wa Gikondi miaka ya 1920, kama bado wanawakumbuka waliowaacha nyumbani, halijapitwa na wakati.

Hakuacha vitabu, jengo lenye jina lake wala fedha. Alichoacha ni barua zake, jina alilopewa na Wakikuyu, na kumbukumbu ya mtu ambaye mikono yake, kwa kuwa haikushika mali, ilikuwa tayari kushika mgonjwa.